Aliyekutangaza Si Mkeo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ni wewe mwenyewe uliyenifundisha kuitamka, ukanifinya kila nilipoisahau. Usidhani ni kwa sababu leo nina heshima ya kukutosha. Habari za afya yako? Kile kikohozi kimeisha? Mguu ulioteguka ngazini bado unakusumbua baridi ikiingia? Mama hajambo, macho yake yanaendelea vizuri tangu abadilishiwe miwani, ila sasa anaona vumbi kila mahali na hatupumziki. Binti yako hajambo pia. Amerefuka, ameng'oka meno ya mbele, na akiongea anapuliza upepo. Mimi ni mzima wa mwili. Wa roho, nitakueleza.

Salamu zimeisha. Sasa nina hasira, na naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, bila kuruka mistari kama unavyoruka maelezo ya dawa.

Nimeshika kalamu kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Nikikupigia simu unasema mtandao ni mbovu, wakati sote wawili tunajua kibovu si mtandao. Nikikutumia ujumbe unausoma na kunyamaza. Tena kuna sababu nyingine ya kutumia karatasi, utaielewa ukifika katikati. Siku hizi nikiandika kitu kwenye kioo cha simu naona kama kuna mtu anachungulia begani kwangu.

Ujumbe wako wa mwisho ulianza kwa maneno matatu: mke wangu amenitangaza. Halafu yakafuata maelezo marefu, na mwishoni ombi. Ulitaka nikuchukulie vitu vyako kwenye kabati la kituo cha zimamoto, kwa kuwa wamekutoa kwenye meza ya simu za dharura wakakushusha stoo kuhesabu mipira ya maji, na wewe hutaki kupanda tena zile ngazi ukakutana na macho ya watu. Nilikubali. Na siku ile, kaka, nilikuwa upande wako kabisa. Nilimlaani wifi njia nzima. Nilijisemea moyoni, mwanamke mwenye sauti ile angetunzaje siri? Mama amelalamika mara ngapi kwamba mkeo akiomba chumvi, jirani wa nyumba ya tatu anafungua kabati lake? Si ndiyo maana majirani zenu walimbandika jina la Kipaza? Basi mimi nikaona maneno yamekwisha. Kipaza amefanya kazi yake.

Hesabu yako nayo ilionekana nyepesi. Masikio yalianza kukupungukia, ukaenda kupimwa mbali ambako hakuna anayekujua, ukamwambia mkeo peke yake na ukamwapisha. Watu wawili tu wanajua. Ghafla kituo kizima kinajua. Wewe hukusema, kwa hiyo amesema yeye. Ulimuuliza, akanyamaza. Ukamuuliza kwa ukali, akanyamaza vilevile. Ukamwambia akupishe nyumbani kwako, akamshika mtoto mkono akatoka, na wewe ule ukimya wake ukauhesabu kuwa ndiyo kukiri.

Sasa nikueleze nilichokikuta kituoni.

Kabati lako nililikuta limepangwa vizuri kuliko chumba chako: sweta, viatu vya mvua, kikombe kisicho na mkono, na picha ya binti yako imebandikwa ndani ya mlango. Yule dada wa zamu yako, anayekaa kiti cha dirishani, alinisaidia kufunga mzigo, kisha akanikaribisha chai katika chumba chenu cha mapumziko. Nilikaa pale karibu na dirisha linalotazama uwanja wa kuoshea magari. Akanimiminia kutoka kwenye ile chupa kubwa ya bluu, akaniambia kwa kujisifu kwamba ni wewe uliyewaagizia, ukakaa kwenye kompyuta ya chumba hicho hicho kwa sababu simu yako ilikuwa imezima. Sikuweza kuvumilia. Nilimuuliza wazi ni nani aliyewaletea habari za masikio ya kaka yangu, na kama ni mkeo, alizileta kwa nani.

Alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha. Alisema mkeo hajawahi kukanyaga pale tangu ile siku ya mvua alipokuletea koti. Alisema hakuna binadamu aliyeleta habari yoyote. Habari ilitoka kwenye kompyuta.

Nilidhani ananitania. Akainuka, akafungua kompyuta ile ya pembeni ambayo zamu zote mnaitumia kusomea habari na matokeo ya mpira. Ukurasa wa mpira ukafunguka, na pembeni yake tangazo likajitokeza, lenye rangi za duka letu, lile la mtandaoni ninakofanya kazi. Kushoto ilikuwa picha ya mfuniko wa ziada wa chupa ya bluu. Kulia zilikuwa betri ndogo ndogo, na maandishi yanayouliza kwa upole kama betri za vifaa vyako vya kusaidia kusikia zinakaribia kwisha, na kama ungependa kuagiza tena.

Yule dada alinieleza kwamba lilianza kama mzaha. Kila aliyefungua kompyuta alikutana na betri, wakawa wanaulizana nani kiziwi humu ndani, wakamsingizia fundi wa magari kwa kuwa ana umri mkubwa kuliko wote. Mzaha ukaendelea mpaka mmoja wenu alipogundua kwamba betri na chupa haviachani hata siku moja, kama mapacha. Na aliyeagiza chupa kila mtu alikuwa anamjua. Alisema kicheko kilikatika pale pale. Wakaanza kukumbuka mambo. Wakakumbuka unavyowauliza wanaopiga simu jina la mtaa tena na tena. Wakakumbuka siku gari lilipopelekwa mtaa usio wenyewe, wewe ukasingizia ramani.

Mkuu wa kituo chenu alinikuta pale na akanivuta pembeni. Ananifahamu kwa sababu tunafanana pua. Alinisisitiza nikufikishie neno lake kama lilivyo, basi lipokee: hukuondolewa kwa ajili ya masikio, uliondolewa kwa kuficha. Alisema hedifoni za meza ile zinaweza kuongezwa nguvu, kwamba ungemweleza mapema angekupangia, na kwamba ukimpelekea karatasi ya daktari na ukavaa vifaa vyako, kiti chako bado kipo.

Hapo ndipo hasira yangu kwako ilipoanzia, na nitaisema yote. Ulikuwa unapokea simu za watu ambao nyumba zao zinawaka, kwa masikio unayojua hayashiki, huku vifaa umeviacha nyumbani kwenye droo kwa kuogopa kuchekwa! Kazini walikuita Rada kwa sababu zamani uliweza kusikia mtoto ananong'ona nyuma ya king'ora. Ukalipenda jina kuliko watu. Mtu aliyekuwa mtaa ule ambao gari halikufika, je, naye angekuita Rada? Nashukuru moto ule ulikuwa wa jikoni na jirani aliuzima kwa blanketi. Wewe unapaswa kushukuru zaidi yangu.

Lakini nirudi kwenye tangazo. Nilisimama mbele ya kompyuta ile na kikombe mkononi, chai ikapoa. Nililitambua, kaka, kama mtu anavyotambua mwandiko wake mwenyewe ukutani.

Kila ukiniuliza kazi yangu nakujibu ni mambo ya mifumo, nawe unasema aha. Leo nitakueleza mpaka mwisho. Mtu akiingia kwenye tovuti ya duka letu, kivinjari anachotumia, yaani kile anachofungulia kurasa za mtandao, kinapewa namba ili akirudi kesho tujue ni yule yule. Akinunua kitu, seva yetu, ile kompyuta kubwa inayotunza oda zote, nayo inampa namba yake. Habari hizo zinakwenda kwa kampuni za matangazo kutoka pande zote mbili. Zamani namba hizo zilikuwa hazielewani. Mtu anatazama viatu kwenye kivinjari kwa namba moja, ananunua, seva inapeleka taarifa kwa namba nyingine, na sisi tunahesabu watu wawili, mmoja aliyetamani na mmoja aliyelipa. Masikini aliyelipa anaendelea kufukuzwa na tangazo la viatu ambavyo tayari viko miguuni.

Kazi yangu, ile iliyonikosesha sherehe ya kuzaliwa ya binti yako ukaninunia, ilikuwa ni kuzifanya namba hizo mbili ziwe moja. Awe kwenye kivinjari, awe kwenye seva, mtu aonekane kwa kitambulisho kile kile. Nilitumia namba ya simu kama uzi wa kuunganishia. Namba yenyewe inasagwa kwanza, inakuwa herufi zisizosomeka, kwa hiyo tulijipa moyo kwamba hakuna mtu anayejulikana. Juu ya meza yangu walibandika bango: Mtu mmoja, namba moja. Mahesabu yalipokubaliana kwa mara ya kwanza, ofisi nzima ilisimama ikanipigia makofi, nami nikainama kama mwimbaji.

Sasa fuata uzi huo. Uliingia kwenye duka letu kwa namba yako ya simu, kwenye kompyuta ya chumba cha chai, ukaagiza chupa. Kivinjari kile kikapewa namba yako. Baadaye ukataka vifaa vya masikio, na ukajifanya mjanja. Hukutaka kwenda dukani usije ukaonekana. Hukutaka hata kuvitafuta kwenye simu yako, na ulifuta kila kitu humo mpaka matokeo ya mpira. Ulimwagiza mkeo apige simu kwenye dawati letu la oda, aagize kwa mdomo, atoe namba yako tu kwa sababu akaunti ipo tayari, ili pasibaki maandishi popote. Naye akafanya hivyo. Lakini binti wa dawati la simu hakai na oda kichwani, kaka. Anaiandika. Inaingia kwenye seva kwa namba yako. Seva ikapeleka habari kwa watu wa matangazo kwamba mwenye namba hii amenunua vifaa vya kusikia, mkumbusheni betri. Wao wakatafuta ni kivinjari gani kina namba hiyo. Simu yako uliifuta, haikuwa nayo tena. Kilibaki kimoja.

Siri iliyosemwa kwa mdomo, na mke, kwa ajili ya mumewe, tukaichukua na kuibandika kwenye kioo kinachotazamwa na zamu nzima. Na katika mikutano yetu yote, nami nikiwemo, hakuna aliyewahi kuuliza kama kompyuta inatumiwa na mtu mmoja au na kituo kizima. Tulikuwa na haraka ya kumfanya mtu awe mmoja.

Kesho yake niliingia kwa bosi wetu wa masoko, yule ninayekwambia tunamwita Bwana Asilimia kwa sababu hata ukimsalimia anakujibu kwa asilimia. Nilimweleza kila kitu bila kutaja jina lako. Alinisikiliza ameegemea kiti, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuchangamka. Nilipomaliza aliniuliza kama ina maana mpaka oda za simu za mdomo nazo zinaunganika vizuri na vivinjari. Nilisema ndiyo. Akapiga meza kwa furaha! Akasema hajui kwa nini sikumwambia mapema, kwamba ataliweka jambo hilo kwenye taarifa yake kwa wakurugenzi, na kwamba yeye alikuwa anadhani oda za simu zinapotea bure.

Nilitamani kumrushia kikombe. Nilimwambia kuna mwanaume ameondolewa kazini kwake na nyumba yake imevunjika. Alisema pole sana. Alisema niandike ombi rasmi, litajadiliwa baada ya msimu wa mauzo makubwa, kwa kuwa rafu ya vifaa vya afya ndiyo inayouza siku hizi. Kisha akaongeza kwamba mambo kama hayo huwapata wachache sana. Nilimuuliza wachache hao wana nyumba ngapi. Hakunielewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kumfafanulia.

Nilirudi mezani kwangu nikaufunga mfereji mwenyewe. Oda zote za simu hazitoki tena kwenda kwa watu wa matangazo. Vitu vyote vya afya havitoki. Na kivinjari chochote ambacho watu zaidi ya mmoja wamewahi kukitumia kuingia kwa namba zao, hakifungwi kwa mtu yeyote. Kabla jua halijazama walikuwa wameona mahesabu yameshuka, wakaniita kwenye kile chumba chao cha vioo ambacho kila anayepita anakuona unavyokaripiwa. Nilikubali kwamba ni mimi. Wamenirudisha nyumbani nisubiri uamuzi. Basi nasubiri, nimevaa kanga tangu asubuhi, na uamuzi wao ukija nitausoma nikimaliza kufua. Bango lao nimelibandua na nimeondoka nalo.

Nilipotoka pale nilimfuata wifi.

Hukuwahi kuuliza anaishi wapi, kwa hiyo nitakuambia. Anaishi kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya mapazia anakofanya kazi. Pande zote ni marobota ya vitambaa, na godoro lao liko nyuma ya pazia la mteja ambaye bado hajaja kulichukua. Nilimkuta anatia pindo, binti yako amekaa kwenye meza ya kukatia anaandika kazi ya shule kati ya mkasi na chaki. Nilipiga hodi. Akaitika, na mimi nikageuka nyuma kutazama ni nani mwingine yumo ndani.

Kaka, ilikuwa sauti ya chini. Laini, ina mikwaruzo kidogo, sauti ya mtu anayeweza kumbembeleza mgonjwa. Aliniuliza habari za mama kwa sauti hiyo hiyo, akamwambia mtoto asogeze daftari kwa sauti hiyo hiyo. Tangu umuoe sikuwahi kuisikia. Nilikaa juu ya robota nikamuuliza kama anaumwa koo. Alitabasamu, akasema haumwi, hii ndiyo sauti aliyozaliwa nayo. Alisema alianza kuipandisha alipoona huyashiki tena maneno yake, akaipandisha kwa watu wote, mama, majirani, wauza mboga, ili wewe usione kwamba ni kwa ajili yako na watu wasione kwamba unahitaji. Walipomwita Kipaza alicheka nao. Mama alipomsema, aliinamisha kichwa. Sauti ile tuliyokuwa tunaikimbia haikuwa yake. Ilikuwa yako.

Nikamweleza habari za tangazo, za kompyuta ya chumba cha chai, za namba ya simu na kazi yangu. Nilitegemea akasirike, na nilitaka akasirike. Badala yake aliweka sindano chini, akaniuliza kwa sauti ile ndogo: kwa hiyo, wifi, si wewe?

Hapa ndipo palipo na jambo ambalo barua yote hii imekuwa ikilizunguka, kwa sababu nilikuwa naogopa kufika.

Mkeo aliamini kwamba ni mimi niliyekusema. Siku alipopiga simu kuagiza, binti wa dawati la oda aliona akaunti yako imefunguliwa kama ya ndugu wa mfanyakazi, maana ni mimi niliyekufungulia. Akacheka, akasema kumbe ni watu wa nyumbani, atanifikishia salamu. Salamu hizo sikuwahi kuzipata, nakuapia, wala sikujua chochote mpaka ujumbe wako. Lakini tangu siku ile wifi alikaa roho juu. Habari zilipotoka kituoni, hakuwa na shaka tena. Alijua nimeiona oda, nikaongea mahali, labda kwa kucheka, kama ninavyoongea.

Kwa hiyo ulipomsimamisha ukumbini ukamuuliza ni nani mwingine anayejua kama si yeye, alikuwa na jibu mdomoni. Jibu lilikuwa mimi. Angelitamka, ungemwacha yeye ukanigeukia mimi. Aliniambia alikutazama, mtu aliyenibeba mgongoni kwenda hospitali, aliyeacha shule ili mimi niendelee, akafikiri kwamba umeshapoteza masikio na umeshapoteza kiti, ukimpoteza na mdogo wako utabaki na nini. Akaona heri upoteze mke. Ndiyo maana alinyamaza. Alifukuzwa kwa ajili yangu, kwa kosa alilodhani ni langu, na mimi njia nzima ya kituoni nilikuwa namlaani!

Sasa unajua. Niliposema nina hasira ulidhani natania. Nina hasira na Bwana Asilimia anayefurahia. Nina hasira na mikono yangu iliyofunga uzi bila kuangalia mwisho wake uko kwa nani. Lakini zaidi nina hasira na wewe, kwa sababu tangazo lilikuwa kazi ya mashine, na kumfukuza mwanamke aliyenyamaza ilikuwa kazi yako peke yako, kwa mdomo wako, ukiwa na akili zako timamu. Mashine ilidhani kituo kizima ni mtu mmoja. Wewe umelala kitanda kimoja na mtu miaka yote hii na hukumjua.

Nilimwambia arudi nyumbani, nitaongea nawe. Alikataa, na ninamuunga mkono. Hataki nimrudishe mimi, wala mama, wala hataki uandike ujumbe. Kwa hiyo hakuna atakayekufanyia kazi hii. Karakana iko nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani, mafundi wengine huondoka jioni.

Mama anakusalimu sana. Nimemweleza yote, na tangu hapo amekuwa anaongea kwa kunong'ona nyumba nzima kwa aibu, mpaka inabidi nimwombe arudie. Ameshafunga kikapu cha kumpelekea wifi na amekataa nimsaidie kukibeba. Binti yako anakusalimu pia, amekuchorea gari la zimamoto lenye ngazi ndefu kuliko karatasi. Msalimie yule dada wa zamu yako siku utakayopanda ngazi. Mkuu wako anakusubiri, ila huko utakwenda baadaye.

Nafunga hapa. Vifaa vyako viko kwenye droo ya chini, ndani ya soksi ya kijivu. Mkeo ndiye aliyenielekeza. Mwenyewe ana neno moja la kukuambia. Sijui kama ni la kurudi au la kuachana, hakuniambia na sikumuuliza. Alichosema ni kwamba atalisema mara moja tu, kwa sauti yake, na hatapaza tena. Basi vaa masikio yako, kaka, uende.

Ni mimi mdogo wako wa mgongoni,

Kiroboto